Pongo Aliyegongwa na Lori la Chumvi

Siku ninayoikumbuka kuliko zote nilizoishi Busia, mwanangu, ilianza na pongo aliyekufa.

Pongo unamjua? Ni yule swala mwekundu mwenye madoa meupe ubavuni, anayependa vichaka vya mtoni. Siku hizi kumwona ni bahati. Lakini miaka ile ya sitini, bendera yetu ikiwa bado inanukia upya, walikuwa wanatoka Mto Sio na kuvuka barabara kama watu wanaoenda sokoni, na malori yalikuwa yanawagonga. Nakwambia haya kwa sababu nimewasikia nyinyi vijana mkibishana kama mnyama aliyegongwa na gari ni chakula au ni takataka. Mimi nimemla. Nimempika pia, na nilimpika vizuri. Lakini ngoja nikueleze nilivyompika, maana maneno yote yako hapo.

Nilikuwa msichana wa miaka kumi na tisa hivi. Shule nilikuwa nimeishia darasa la nne, nikatoka kwetu Namboboto kuja kumsaidia senge wangu, yaani dada ya baba. Senge alikuwa mjane mwenye watoto watatu wa shule, na alikuwa na hoteli ya mabati kando ya barabara, mahali malori yanapopumzika kabla ya kuvuka kuingia Uganda. Nilikuwa mtu wa kucheka sana na wa kuota ndoto mchana. Nikiosha sahani naona hoteli yangu mwenyewe, kuta za buluu, madereva wamepanga foleni mpaka Malaba. Maji yanamwagika, mimi nimesimama tu. Senge ananipigia kelele, "Ajiambo! Umeshafika Kampala?" Na huruma nayo ilinizidi. Kuku akichinjwa nageuza uso. Halafu mchuzi ukiiva naomba paja.

Wateja wetu wengi walikuwa madereva Waislamu kutoka Mombasa na tanboi wao, yaani wasaidizi wa lori. Walikula kwetu kwa sababu moja tu: nyama ya senge ilichinjwa na Mwislamu, na kila mtu alijua hivyo. Basi mwaka huo ugonjwa wa miguu na midomo ukaingia kwa ng'ombe, serikali ikapiga karantini, kuchinja ng'ombe kukakatazwa, na bei ya mbuzi na kuku ikapanda mpaka ikatushinda. Sisi tukabaki na maharagwe. Maharagwe asubuhi, maharagwe mchana. Dereva anafunua sufuria, anasema, "Haya tena?" anarudi kwenye gari na kwenda kula ng'ambo. Usiku nilikuwa nasikia senge akihesabu kwa sauti ndogo watoto watatu na karo yao. Hoteli ilikuwa inakufa tukiitazama.

Ndipo siku hiyo, jua likiwa halijafika kichwani, likaja lori la chumvi la Ouma. Ouma alikuwa dereva wa kwetu kwetu, mtu wa mzaha. Akashuka, akafunua turubai.

"Ajiambo, lete kisu! Leo maharagwe yapumzike."

"Umeua nini tena?"

"Sijaua mimi. Yeye ndiye ameruka mbele ya gari kama polisi! Nimefunga breki mpaka chumvi ikalia."

Nikamwangalia yule pongo. Baba yangu kule Namboboto alikuwa mtu wa kutega, na mimi ndiye niliyekuwa namshikia mnyama akichuna, kwa hiyo nilijua la kuuliza. Nikamuuliza Ouma, "Alikuwa anakimbia au alikuwa amesimama?"

"Anakimbia. Kwani?"

"Mnyama wa porini akisimama barabarani mchana anakutazama tu, huyo ni mgonjwa. Hata kumgusa usimguse."

"Huyu alikuwa mzima kuliko mimi. Nimemgonga kichwa na bega, saa hii tu."

"Ulimwahi na kisu?"

"Wapi! Nimeshuka nikakuta roho imetoka zamani."

"Na mguu mmoja umeenda wapi?"

"Nimewaachia watu wa boma la karibu, pale Busibwabo. Si ameanguka mbele ya mlango wao? Mimi ni nani nipite nayo yote?"

Hapo nikamheshimu Ouma. Nikaweka mkono shingoni mwa pongo, bado alikuwa na joto. Nikamwambia pole. Ouma akacheka mpaka akashika kiuno. "Unampa pole halafu unampika?"

"Nitampika na hiyo pole," nikamjibu.

Nikachuna. Tumbo lilikuwa zima, matumbo hayakupasuka, na hilo ndilo la kwanza kuangalia, mwanangu, kwa sababu tumbo likipasuka ndani, uchafu unaingia kwenye nyama na hakuna maji ya kuuosha. Ini lilikuwa safi, halina vidonda wala madoa. Bega la upande aliogongwa lilikuwa limevilia damu, jeusi. Nikalikata lote nikalifukia, ingawa Ouma alilia kama amefiwa. Iliyobaki ilikuwa nyama nzuri kuliko ya soko. Nikaikatakata, nikaichemsha sana, nikaikaanga na vitunguu na nyanya. Harufu ikatoka mpaka barabarani, na malori yakaanza kupunguza mwendo yenyewe.

Senge akaonja. Akafumba macho. Kisha akanivuta pembeni ya jiko.

"Ukiulizwa, sema ni mbuzi."

"Na Waislamu, senge?"

"Nao wana njaa."

"Lakini hii ni kibudu. Imekufa bila kuchinjwa. Wao hawali."

"Mtu akila bila kujua, Mungu hamwandikii. Ajiambo, leo hawa watu wakila wakashiba, kesho watarudi. Wakienda, tunafunga. Unataka watoto wangu warudi nyumbani wachunge?"

Nilimpenda senge, na watoto wake nililala nao kitanda kimoja. Nikachukua mwiko nikarudi kwenye jiko.

Meza zikajaa: Ouma na wenzake wakaanza kula, Waislamu ndio kwanza wanapakuliwa. Na katikati ya kelele akaingia Mzee Bakari, dereva mkubwa wa Mombasa, kofia yake nyeupe kichwani hata katika vumbi lile jekundu la barabara ya murram. Huyu mzee madereva wote walikuwa wanamfuata. Akila kwako, wote wanakula kwako. Alikuwa ametoka Kisumu alfajiri bila kitu tumboni, na alikuwa na furaha.

"Alhamdulillahi! Leo mama katukumbuka. Nyama gani hii?"

Senge akamwekea sahani mwenyewe, kwa mikono miwili. "Mbuzi, mzee. Karibu."

Akanawa. Akasema bismillahi. Akamega ugali, akauchovya kwenye mchuzi, akauinua.

Sijui miguu yangu ilitoka wapi na wapi. Ninachojua ni kwamba nilijikuta mezani kwake nimemshika mkono. Mwanangu, unaelewa? Msichana wa kuosha sahani amemshika mzee wa watu mkono wa kulia, tonge likiwa mbele ya mdomo. Kwetu hilo ni tusi kubwa. Hoteli nzima ikatugeukia.

"Wanishika mkono, kwani mimi mwizi?"

"Hapana, baba. Hii si yako."

"Si yangu ni ya nani?"

"Ni pongo. Amegongwa na gari. Alikufa kabla ya kisu. Nyama ni nzuri, mimi mwenyewe nimeipika na mimi nitaila, lakini si yako wewe. Shikamoo, baba, nisamehe."

Ndiyo, nilimwamkia katikati ya maneno hayo. Sikujua nianzie wapi.

Kutoka meza ya nyuma Ouma akapaza sauti, "Basi sahani ya mzee mniletee mimi!" Wenzake wakacheka, lakini kwa kuogopa. Wao waliokuwa wanajua ni pongo waliendelea kula, na walikula kwa raha. Mzee Bakari hakucheka. Alirudisha tonge kwenye sahani polepole, akamgeukia senge.

"Ungeniacha nile?"

"Mzee, ungekula bila kujua."

"Nisingejua mimi," akasema. "Wewe ungejua."

Akainuka, akatoka. Tanboi wake akamfuata. Na Waislamu wengine, walionawa na wasionawa, wote wakatoka. Meza mbili zikabaki tupu, mchuzi ukiwa bado unafuka moshi.

Senge hakunipiga. Afadhali angenipiga. Alisema tu, "Fungasha. Gari ya kwenda kwenu ikipita, upande." Halafu akaingia nyuma, nikamsikia analia.

Mimi nikafunga furushi langu dogo nikaliweka mlangoni, nikatoka uani, nikakaa na sufuria, nikaanza kuisugua na majivu. Nilikuwa nalia pia, nisikudanganye. Nilijua nimeifunga hoteli ya mjane. Lakini, mwanangu, na hili nalisema nikiwa nimenyoosha mgongo: nilikuwa nalia huku ndani yangu nimesimama. Sikutamani hata kidogo kwamba lile tonge lingepita.

Nilikuwa bado nasugua nilipoona kivuli. Mzee Bakari amesimama juu yangu, ameshika jogoo mzima miguuni, kanunua kwa mama mmoja barabarani.

"Hiyo sufuria ndiyo uliyompikia yule mnyama?"

"Ndiyo, baba. Na kisu ni hiki."

"Muna sufuria nyingine?"

"Iko ya maharagwe. Haijaguswa."

Akamwita senge kwa nguvu. Senge akatoka akijifuta uso na kanga.

"Mama, mimi ntachinja mwenyewe hapa, kwa kisu changu. Mutapika katika sufuria ya maharagwe. Mimi na wenzangu twangoja nje, hata kama ni mpaka alasiri."

"Nitapika sasa hivi, mzee," senge akasema.

"La. Hutapika wewe." Akaninyooshea kidole. "Apike huyu aliyenishika mkono. Na kila nikipita hapa, yeye ndiye nitakayemuuliza ndani ya sufuria muna nini. Nisipomkuta, sisimami."

Senge akalichukua lile furushi langu la mlangoni, akalirudisha ndani. Mimi nikapokea jogoo, na kwa mara ya kwanza maishani sikugeuza uso alipochinjwa.

Karantini iliisha, na hoteli ya senge haikufungwa. Watoto wote watatu walisoma. Madereva walikuwa wakifika hawamuulizi senge, wananiita mimi jikoni, "Ajiambo, leo nini?" nami nasema ilivyo. Siku ya samaki mbovu nilisema samaki ni mbovu. Senge alikuwa anashika kichwa, lakini hakunifukuza tena.

Sasa nisikilize, mwanangu. Mnyama aliyekufa barabarani si aibu kumla. Aibu ni kumwacha aoze wakati watu wana njaa. Akiwa ni mfugo, mtafute mwenyewe kwanza, hata kama utatembea boma kwa boma, kwa sababu gari likiua mbuzi halimnyang'anyi mtu mbuzi wake. Akiwa ni wa porini, uliza serikali inasema nini siku hizi, na wale alioangukia mlangoni kwao wapate. Kama hukuona alivyokufa, mwache. Kama tumbo limepasuka, mfukie. Kama ni mzima, mpike mpaka aive kabisa. Na ukishampakua, sema jina lake mbele ya kila anayekula. Kila mtu ana kitu ambacho mdomo wake haupokei, na wewe mpishi huna ruhusa ya kumchagulia gizani. Ukiogopa kupoteza wateja, ogopa, lakini sema.

Nenda sasa. Mungu akupe chakula cha kukutosha na cha kumgawia anayepita. Akupe watu watakaokula kwako wakiwa wametulia. Na siku ukitakiwa kunyamaza ili ushibe, akupe sauti.