Swali la Mlangoni

Mshona viatu wa pale kona watu walimpachika jina la Redio, na si bure. Homa ilimziba masikio ujanani, akakaa kiziwi miaka nenda rudi, mpaka madaktari walipompasua nyuma ya sikio wakamwekea kifaa cha kusikia. Tangu hapo alikuwa na habari za mtaa mzima. Mkewe, fundi cherehani, alipenda kuimba akishona, na Redio alikuwa akiacha nyundo yake ili amsikilize. Mke alijifanya haoni, lakini moyoni alijaa furaha.

Kifaa kilikuwa vipande viwili. Cha nje kilishikwa na sumaku ndogo iliyo chini ya ngozi. Ila nyumbani kwao "kifaa" kilikuwa kile cha nje tu, kile anachokivua akienda kuoga. Cha ndani walikisahau, kama mtu anavyosahau figo zake.

Kuinamia viatu kulimharibu mgongo. Hospitali wakaagiza apigwe picha ya MRI. Mlangoni mwa chumba cha mashine, binti wa vipimo akasema, "Mzee, vua vitu vyote vya chuma."

Redio akavua saa, mkanda na kifaa, akamkabidhi mkewe. Sasa hasikii kitu, kwa hiyo swali lenyewe likamwangukia mke.

"Mama, ana chuma chochote mwilini? Kifaa chochote?"

"Ameshakivua, mwanangu. Hiki hapa kwenye pochi."

Alijibu kwa moyo mweupe. Binti alikuwa na foleni hadi nje, hata nyuma ya sikio hakuangalia. Swali moja zaidi tu, jamani! Lingemchelewesha nini?

Mashine ile yenyewe ni sumaku kubwa, wala haijali kwamba mgonjwa ameletwa kwa ajili ya mgongo. Kitanda hakijaingia vizuri Redio akapiga yowe. Walimtoa mbio, kichwa amekishika kwa mikono miwili. Sumaku ya ndani ilikuwa imeng'oka. Jeraha nalo likaingia usaha, ikabidi kifaa chote kitolewe, na daktari akasema wazi kwamba pale hapawekeki kingine.

Mke aliporudi nyumbani naye, cherehani hakuigusa. Alilia mpaka macho yakavimba, na Redio, ambaye shule hakuiona hata mlango na hata kuandikiwa asingeweza kusoma, alimfuta machozi kwa kiganja chake kigumu.

"Yule binti," akauliza kwa sauti kubwa ya mtu asiyeisikia sauti yake mwenyewe, "alikuuliza nini pale mlangoni?"

Mke akamwambia yote. Akamwambia alichoulizwa, alichojibu, na kwamba ni yeye aliyemwingiza mle kwa mdomo wake mwenyewe. Akamwomba msamaha.

Redio alikuwa akimtazama midomo kwa makini. Alipoona imetulia, akampigapiga begani.

"Basi, yameisha, mke wangu," akasema. Hakuwa ameambulia hata neno moja.