Besi Isiyoshuka

Baba yangu alikuwa mwalimu wa kwaya mwenye sharti moja: hakuwapa waimbaji wimbo wowote kabla hajauimba mwenyewe sauti zote nne, soprano, alto, teno na besi, amesimama uani huku kuku wakimkimbia. Akiridhika, wimbo unakwenda kanisani. Asiporidhika, karatasi inakuwa ya kuwashia mkaa. Kisha akafanyiwa upasuaji wa koo, akarudi nyumbani Kizota hana sauti kabisa, na chini ya mto wake kulikuwa na wimbo mmoja aliouandika ambao hajausikia.

Sote tulijua ni wa mwisho. Yeye alijua kutuzidi.

Mimi nilikuwa nimepunguzwa kazi kwenye shirika la umma lililouzwa, nikafungua kibanda cha kuchapa mtaa wa Majengo kwa kompyuta ya mtumba iliyokuja na vumbi la nchi nyingine, kana kwamba Dodoma tuna upungufu. Nilichapa barua za maombi ya kazi, kadi za harusi na nyimbo za kwaya. Mteja mmoja alinipa diski yenye programu ya muziki isiyo na picha hata moja. Unaandika herufi na alama tu, mstari kwa mstari, kama unachapa barua. Ukikosea alama moja inakugomea. Ukipatia, inakutolea karatasi ya noti, tena inaupiga wimbo wenyewe. Nikasema basi, mashine itamwimbia baba.

Nikauingiza wimbo wake kama alivyouandika, kwa do re mi. Programu ikanigomea mchana kutwa, nami nikaitukana mchana kutwa. Ilipokubali, niliweka redio kaseti mbele ya spika nikarekodi, mashine ya kusaga ya jirani ikinguruma nyuma, nikapeleka nyumbani.

Baba aliegemea mto sebuleni. Mama alikuwa anachambua mchele mlangoni. Sauti zikatoka, nyembamba kama filimbi za watoto, na mara moja nikajua kuna kitu kimeharibika. Kule chini, mahali pa wanaume, palikuwa patupu. Juu, katikati ya sauti za wanawake, kulikuwa na sauti ngeni inayojipitia njia yake. Katikati ya neno ikakatika, kama mtu aliyebanwa, kisha ikaendelea.

Mama akaacha kuchambua. "Zima," akasema.

"Mama, ni kosa la programu tu."

"Zima, mwanangu. Huyo ni mdogo wako."

Mdogo wangu alifariki kabla hajaanza shule. Alikuwa na pumu. Kwenye mazoezi ya kwaya alikataa kukaa na watoto wenzake. Alisimama mbele ya baba, mgongo kwenye magoti yake, akaimba naye besi, besi ileile lakini kwa sauti yake ya juu. Kifua kilipombana alikatisha, akavuta pumzi, akaendelea. Tangu tulipomzika, jina lake halikutajwa nyumbani, kwa sababu mama hakuweza kulisikia. Kwamba sasa mashine ya mtumba ndiyo imlete sebuleni ilinikasirisha kwanza, halafu ikanitia hofu. Mimi si mtu wa mambo ya mashetani, lakini kesho yake nilichapa huku mlango wa kibanda uko wazi, upepo na vumbi lake vikiingia.

Nikaanza kutafuta kosa. Betri za redio? Betri zikichoka hushusha sauti, haziipandishi. Kaseti? Nikanunua nyingine, ikawa vilevile. Nikafuta besi yote, nikaiandika upya. Ilirudi kulekule juu, na pale ilipokatika ikakatika tena.

Mjini kulikuwa na mahali pamoja penye intaneti, ukurasa unafunguka chai yako imeshapoa. Watumiaji wa programu ile walikuwa na kundi la kusaidiana kwa barua pepe. Kwa Kiingereza changu cha ofisini nikawaandikia kwamba besi yangu inaimba kama mtoto, na inanyamaza katikati ya neno. Nilijiona mwendawazimu. Akajibu mtu mmoja aliyesema nje kwake kuna theluji, akataka nimtumie maandishi yote. Baadaye akauliza: huko kwenu mnaandikaje sauti za wanaume?

Nikamjibu, kama tulivyofundishwa: mahali palepale pa wanawake, bila alama za kushusha. Mwanamume akisoma, koo lake linashusha lenyewe. Hakuna mwalimu wa kwaya Ugogo nzima anayepoteza muda kulifikiria hilo.

"Programu haina koo," akaandika. "Iambie ishuke." Akanipa mstari mmoja wa kuongeza. Nilicheka peke yangu kwa nafuu, mpaka nilipoona chini yake: "Lakini kile kimya si kosa. Umekiandika mwenyewe, kwenye besi peke yake."

Nilirudi kibandani nikaichukua karatasi ya baba. Kwenye do re mi ya kwetu kimya ni nafasi tupu, na nafasi ilikuwepo, ameizungushia wino ili mtu asidhani amesahau. Nilikuwa nimeichapa bila kuisikia. Wanaume wa besi wenye vifua vipana hawana haja ya kupumua pale, na baba alikuwa akifukuza watu mazoezini kwa kukata neno.

Nikarekodi upya, besi ikiwa chini kama inavyotakiwa, nikampigia baba kaseti hiyo wakati mama yuko jikoni. Alisikiliza mpaka mwisho, akatikisa kichwa. Kisha akainua kiganja taratibu, kama alivyozoea kuwapandisha waimbaji. Sikutaka kuelewa. Akainua tena.

Nikarudisha kaseti ya kwanza. Sauti ile ikaja, ikapita katikati ya wanawake, ikabanwa, na baba, ambaye kuhema kwenyewe kulikuwa kazi, aliizuia pumzi yake mpaka ilipoendelea. Machozi yakamtoka. Nilipogeuka mama alikuwa mlangoni, mikono ina unga. Safari hii hakusema zima.

Baba alifariki kwaya ikiwa bado inajifunza. Nakala nilizowapa zilikuwa sahihi, besi chini. Kiongozi wa besi alinifuata kibandani. "Pole na msiba, dada. Ila hapa umeruka kitu. Sisi hatuhitaji kupumua hapa, tuunganishe?" Nikamwambia asiguse.

Waliuimba kaburini, upepo ukipeperusha karatasi zao. Walipofika pale, wanaume wakanyamaza katikati ya neno, na pembeni yangu mama, ambaye maisha yake yote hakuwahi kuimba kwaya, akavuta pumzi kwa nguvu, akaingia pamoja nao, besi ileile, kwa sauti ya juu.