Doa Lililogoma Kuhama

Mama Selfi kaajiriwa kuogopa. Wewe unayetukana mtandaoni umeme ukikatika, kaa chini usome.

Kila asubuhi anavaa kofia ngumu, anaingia kwenye uwanja wa kituo cha umeme na kamera inayoona joto. Chuma kikianza kuumwa hakisemi, kinapata homa tu. Kwenye kioo cha kamera, kilichopoa kinaonekana buluu na kinachochemka kinaonekana cheupe. Hakuna uchawi hapo.

Jina walimpa wenzake. Siku moja aliona doa jeupe kwenye mlango wa kabati jipya la chuma, akapiga kelele, wakazima. Mji mzima giza. Kumbe mlango ulikuwa unang'aa kama kioo, na lile doa lilikuwa joto la mwili wake mwenyewe. Alijipiga picha! Toka hapo, akiinua kamera tu, kituo kizima kinaweka pozi. Mlinzi anabinua mdomo, fundi anashika kiuno. Anacheka nao, lakini imemkaa rohoni. Siku hizi akiona doa anapiga hatua kando kwanza. Likimfuata, ni yeye. Likibaki, ni balaa.

Mdogo wake wa mwisho anakata nyasi hapohapo kituoni. Kazi alimtafutia yeye, na mama yao hakumung'unya maneno: "Umemchukua wewe, utanirudishia wewe."

Asubuhi hiyo dogo alikuwa chini ya transfoma kubwa, mashine ya nyasi inanguruma, masikio kayaziba kwa vile vifuniko vyao, anafyeka majani yanayochomoza kwenye kokoto. Mama Selfi akainua kamera. Juu ya transfoma kuna pembe tatu za kaure, ule udongo wa vikombe vya chai, nyaya zinaingilia hapo. Zinabeba mzigo sawa, kwa hiyo joto lao lazima lifanane. Ya kulia buluu. Ya katikati buluu. Ya kushoto nyeupe pee.

Akapiga hatua kando. Doa halikuhama.

Akaenda upande wa pili. Liko palepale.

Ndani ya pembe kuna mafuta, na ikipasuka kaure inaruka vipande vipande kama visu. Kituo kingine alishaona kipande kimezama kwenye mlango wa mbao mpaka nusu. Akashika redio ya mkononi.

"Zima transfoma kubwa! Pembe ya kushoto inachemka!"

Msimamizi wa chumba cha mitambo akacheka. "Mama Selfi! Leo umetoka vizuri?"

"Kaka, sitanii."

"Umesogea kando?"

"Nimesogea!"

"Sogea tena basi."

"Dogo yuko chini yake!"

Halafu sauti ikarudi bila kicheko: "Nikizima bila ruhusa naitwa mimi. Ngoja nimpigie mkubwa."

Angoje nini? Akaita mpaka koo likauma. Dogo kampa mgongo, hasikii. Kumfuata hawezi, kanuni inakataa na miguu nayo imekataa. Akavua kofia, akaitupa kwa nguvu zake zote. Ikadunda kwenye kokoto, ikamgonga dogo kisigino.

Dogo akageuka. Akamwona dada yake, akaona kamera mkononi, akatabasamu meno yote nje.

Akaweka pozi.

Jamani! Mkono kiunoni, kidevu juu, pembe iko juu ya kichwa chake. Mama Selfi anapunga, naye anabadilisha pozi. Anapunga tena, dogo anageuza shavu la pili.

Hapo ndipo akailaza kamera chini, kwenye vumbi. Ile kamera hajawahi kuiweka chini. Hata chooni anaenda nayo. Dogo analijua hilo kuliko mtu yeyote. Tabasamu likamtoka. Akaachia mashine, akakimbia.

Alikuwa amefika kwenye geti pembe ilipolia. Mlio mmoja mkavu, halafu mvua ya kaure na mafuta yanayowaka. Umeme ukajikata wenyewe. Mashine ya nyasi ikabaki imechanwa tumbo.

"Dada," dogo akasema, "ningetoka vibaya kwenye ile picha."

Dada alikuwa amemshika shati kwa mikono miwili, na ilibidi mlinzi aje kumbandua vidole.

Jioni akampeleka kwa mama yao. "Nimekurudishia," akasema mlangoni. Mama akauliza kwani alikwenda wapi, hakuna aliyemwambia. Wakakaa kula. Dogo anapiga porojo, anacheka kwa sauti kubwa mno.

Taa ya sebuleni ikapepesa mara moja tu.

Mama Selfi akaweka kijiko, akainuka, akapiga hatua kando.