Maji Yakipanda, Pandeni

Niseme mwenyewe kabla hujaambiwa na mwingine: mimi ni mwanamume niliyevushwa mafuriko ya Ruvuma mgongoni mwa mama mkwe wangu. Mchana kweupe. Kijiji kizima kilikuwa kimesimama juu shuleni kinatazama, na mke wangu yuko mbele kabisa. Kichwani mama mkwe alikuwa na kapu la mbegu za mpunga, mgongoni alikuwa na mimi, na kwa mwendo wake ilionekana kwamba ikibidi atupe kimoja, hazitakuwa mbegu.

Wanaonijua wameshaisikia habari hii, tena imetiwa chumvi. Wengine wanasema nilikuwa nalia. Sikuwa nalia. Nilikuwa nimekunywa maji ya mto, yakawa yanatafuta pa kutokea.

Kwetu ni juu, uwanda wa Makonde, upande wa Newala. Kule maji unayafuata. Unaamka alfajiri, unateremka bondeni na mtungi, unarudi jua limewaka. Mimi nikaja kuoa huku chini, mbele ya Kitaya unapoelekea baharini, na huku maji ndiyo yanayokufuata wewe. Kuogelea sikujua. Ningejifunzia wapi, kwenye mtungi?

Kwa mila zetu mwanamume anahamia kwao mke. Unalima shamba la ukweni, unapasua kuni za ukweni, unaezeka nyumba ya ukweni, na muda wote huo unaangaliwa. Mwenye kukuangalia ni mjomba wa mke. Akisema hufai, unafunga virago unarudi kwenu, na mke anabaki. Na mama mkwe huongei naye, wala humtazami usoni. Mkikutana njiani unamwachia njia, unaingia porini hata kama pana upupu. Ukiwa na neno unalipitisha kwa mtu wa tatu. Mtu asipokuwepo, unakiambia kitu chochote kilicho karibu, naye anakijibu kitu hichohicho. Mimi na mama mkwe tulikuwa tunaongea sana kwa njia ya kinu.

Ilikuwa miaka michache baada ya uhuru. Ng'ambo ya mto Mreno alikuwa bado yupo na vita vyake, na upande wetu mto nao ulikuwa na vita vyake. Masika moja uliingia bondeni ukachukua nyumba, mbuzi, na kitanda kimoja kipya ambacho mwenyewe anakizungumzia mpaka leo. Baada ya hapo halmashauri ya wilaya ikachoka kuleta mahindi ya msaada maafa yakishapita. Ikasema safari hii kijiji kijipange kabla. Tukaletewa Bwana Maendeleo.

Bwana Maendeleo alikuwa mtu wa upande wa Ziwa, Mkristo, mpole, kaptula yake imepigwa pasi ungeweza kukatia muhogo. Alikaa na kamati ya maendeleo ya kijiji, ambayo mwenyekiti wake alikuwa mjomba wa mke wangu, huyohuyo. Wakakubaliana kimbilio ni shuleni, kwenye mwinuko. Wakachimbia nguzo ya mkoko ukingoni mwa mto, wakaipaka rangi tatu kutoka Mtwara mjini: chini nyeupe, kisha njano, juu nyekundu. Hata hiyo nyekundu hawakuifikisha kwenye ncha, kwa makusudi, ili maji yakiifikia, wazee na wajawazito wawe bado na nafasi ya kutembea. Mzee mmoja akalalamika kwamba rangi zile zitamwonyesha rubani wa Mreno tulipo. Bwana Maendeleo akamjibu kwamba shule ina bati jipya linalomeremeta, rubani alishatuona siku nyingi. Mzee akaridhika.

Ikabaki kuwaeleza watu. Bwana Maendeleo Kiswahili chake kilikuwa cha kitabu, na wengi wetu chetu kilikuwa cha kuuzia korosho. Akatafutwa mkalimani. Mimi niliishia darasa la sita. Sikufukuzwa, ila mimi na mwalimu wa hesabu tulielewana kwamba hatuelewani. Mjomba akanitaja mimi, na naamini ile ilikuwa mara ya kwanza kunitaja bila kukohoa kwanza. Nikavaa kanzu ya harusi.

Bwana Maendeleo akasimama mbele ya watu akasema, "Maji yakipanda mpaka nyekundu, mgambo atapiga ngoma, nanyi pandeni. Msingoje kuambiwa mara ya pili. Pandeni wote, wake kwa waume."

Sasa nisikilize vizuri, maana hapa ndipo nilipoharibikia. Kwa lugha ya kwetu kupanda ni kuweka mbegu ardhini, basi. Mlima mtu anaukwea. Na mpunga wa bondeni unapandwa udongo ukishalowa. Kwa hiyo mie sikuona tatizo lolote. Nikajisemea, kumbe serikali inajua kilimo. Nikawaambia watu kwamba maji yakifika nyekundu ngoma italia, na kila mtu ateremke akapande mpunga. Nikawaona wanatikisa vichwa kwa kukubali. Mkalimani akikubaliwa, bwana, anakuwa kama mpiga ngoma aliyetuzwa. Nikaongeza la kwangu: kila kaya ije na jembe lake na mbegu yake, na mvivu ataletwa mbele ya kamati.

Wakapiga makofi. Bwana Maendeleo akasema tangu aanze kazi hajaona kijiji chenye mwamko namna ile. Mjomba baadaye alisema kwamba la mbegu tu ndilo alilolisikia, akadhani ni agizo jipya la wilayani watu wakwee na mbegu zao, na agizo la wilayani halikatizwi.

Siku yenyewe mvua kwetu haikunyesha. Ilikuwa imenyesha huko juu bara, mto ukaileta, na kwa bahati yetu ilikuwa bamvua, bahari imejaa mpaka mdomo wa mto. Maji ya bara yanataka kutoka, maji ya bahari yanataka kuingia, na sisi tuko katikati. Asubuhi maji yakagusa nyekundu. Mgambo akapiga ngoma kama alivyofundishwa, na kijiji kizima kikateremka kuyafuata mafuriko na majembe begani.

Tulipanda. Sijui kama kuna kijiji kingine kilichotii namna ile. Mimi na mke wangu tulikuwa tumeshamaliza pembe moja maji yakafika vifundoni. Yalipofika magotini, kila mtu akajitafsiria mwenyewe. Tukakimbilia shuleni.

Shuleni tulimkuta mjomba peke yake, kakaa kwenye kiti na filimbi shingoni, anangoja watu wakwee. Akatazama majembe. Akatazama makapu ya mbegu. Akauliza polepole tulikuwa wapi. Watu wakamjibu kwamba tulikuwa tunapanda, kama ilivyosemwa. Mjomba akauliza ilisemwa na nani, na hapo nikagundua kwamba pembeni yangu pamebaki wazi. Hata mke wangu alikuwa amesogea kidogo.

Halafu mke wangu akasema, "Mama hayupo."

Shamba la mama mkwe lilikuwa mwisho kabisa, ng'ambo ya kijito, karibu na nguzo. Kutoka pale juu tulimwona: kanga nyekundu imeinama katikati ya maji. Alikuwa mjane, na watoto wake waliobaki walikuwa wawili, mmoja mke wangu, mwingine yuko mkongeni Lindi. Kule shambani hakukuwa na mwingine wa kumpigia kelele atoke.

Mjomba hakufoka. Siku zote alikuwa ananiita mkwe. Siku ile aliniita cheo changu.

"Mkalimani," akasema. "Nenda kamwambie maana nyingine."

Wanaume wakakimbilia mtumbwi, lakini ulikuwa umefungwa mbali, nyuma ya mikoko. Mimi nikateremka moja kwa moja. Usiniite shujaa. Nilijua kwamba mama mkwe akichukuliwa na maji kwa ajili ya neno langu, sitakuwa na mke, na yeye hatakuwa na mama, na sikuwa na pa kuipeleka sura yangu.

Nilifika kwenye kijito nikasimama upande huu. Nyekundu ya nguzo ilikuwa haionekani tena, imebaki ncha tu. Mama mkwe alikuwa bado anapanda, maji yamempita magoti, anachimba kwa kupapasa. Na hapo, Mungu anisamehe, adabu ikanishika. Sikuweza kumwita. Nikageuza uso nikaiambia nguzo.

"Nguzo, mwambie mama maji yamezidi. Aache."

Hakuinua kichwa. "Nguzo, mwambie mkwe yeye ndiye aliyesema tupande. Nimebakiza kipande kidogo."

"Nguzo, mwambie mama kwamba mkalimani alikosea."

Akanyooka. Kwa mara ya kwanza tangu nioe, alinitazama usoni, na nguzo hakuiambia kitu.

"Alikosea nini?"

Nikapiga hatua mbele nimweleze. Hatua hiyo niliipiga ndani ya kijito.

Asubuhi kijito kile kuku alikuwa anakivuka. Sasa miguu yangu ilishikwa na tope na maji yakaja kifuani, halafu kidevuni, halafu nikaacha kupima. Nilipoibuka nilimwona anajitwika kapu, anakaza kanga kiunoni, anasema Bismillahi, anaingia. Alikuwa mrefu, mtu wa bondeni, anajua wapi pana mchanga. Akaning'oa kama muhogo. Kisha akanigeuzia mgongo, akainama kidogo, na akasema kwa Kiswahili safi kabisa:

"Panda."

Safari hiyo nililielewa mara moja.

Kumbe Kiswahili alikuwa nacho. Siku ya mkutano alimsikia Bwana Maendeleo kwa masikio yake, na maana zote mbili alizijua. Ila mkwe wake alikuwa amesimama pale mbele na kanzu, amesema ni mbegu, naye akamwamini mkwe wake. Mke wangu ndiye aliyeniambia hivyo, baadaye, na sikupata la kuchekesha.

Maji yalipopungua Bwana Maendeleo alirudi. Alielezwa yote, akasikiliza mpaka mwisho, akaomba maji ya kunywa. Kisha akasema kosa ni lake pia, neno la hatari lisitoke wilayani, kijiji kichague chenyewe neno kwa lugha yake. Tukachagua neno la kukwea, tukalifanyia mazoezi, ngoma inalia, watu wanakimbia shuleni mikono mitupu. Kamati ikapanga nani atambeba nani: kipofu, wajawazito, wagonjwa, wazee. Mtu mmoja nyuma akauliza, na mkalimani je? Kamati ikaniweka kwa wanaobebwa, na hakuna aliyepinga.

Halafu mjomba akasema neno alilolileta. Kwamba mkwe huyu ametaka kukimaliza kijiji, tena amemgusa mama mkwe, jambo ambalo halijawahi kuonekana. Kwamba yeye anaona nirudi kwetu juu, ambako hakuna mto. Mke wangu akainamisha kichwa. Mimi nikaanza kuhesabu nguo zangu moyoni, na hazikunichukua muda.

Mama mkwe alikuwa amekaa na wanawake, amenipa mgongo kama desturi. Hakugeuka.

"Mimi nimembeba mpaka huku juu," akasema. "Kama ni wa kurudishwa, abebwe na mwingine."

Watu wakamtazama mjomba. Mjomba akakohoa, akasema achinjwe kuku kuondoa aibu, na kikao kikafungwa.

Jioni ile nilikaa na rafiki yangu, Mmakua, ambaye naye alioa kijijini hapohapo. Mtani wangu huyo hakuwa amenitania tangu asubuhi, na nikadhani ananionea huruma. Akala paja la kuku, akalamba vidole, akaweka mfupa chini.

"Ndugu yangu," akasema, "sisi wote tumekuja ukweni kubeba mizigo. Wewe peke yako umekuja kuwa mzigo."