Hindi Lenye Mapengo

Sikukuu yetu ya mavuno ilianzishwa na marehemu mume wangu, mshona magunia, wala si mchungaji kama vijana wanavyodhani. Mwaka wa ukame shamba zima lilitupatia hindi moja tu, lina mapengo kama kinywa changu cha sasa. Akalipeleka kanisani. Watu wakacheka. Yeye akapiga magoti, akasema, "Baba, tumekula majani, lakini tuko hai. Asante." Kicheko kikakatika. Tangu hapo, kila mavuno, kila nyumba hutoa hindi lake baya kwanza, ndipo mazuri yafuate.

Mwaka huu nimemzika, mahindi yakiwa bado mabichi. Sikukuu ilipofika nikasema siendi. Wifi yangu akasimama mlangoni.

"Wifi, umemnunia Mungu?"

"Nimemnunia. Sababu anaijua."

"Basi kamwambie kwake. Au unamwogopa?"

Mimi, niogope? Nikachagua hindi lenye mapengo, nikaenda nalo hadi mbele ya kanisa.

"Baba," nikasema, "hili ni la mume wangu, anakushukuru. Langu bado. Nitalileta nikiweza."

Nikarudi kwenye benchi letu, nikakaa upande wangu, nikaiacha nafasi yake.