Friji Aliyoichagua Mjomba

Nilipotangaza kwamba nakwenda kununua friji na mjomba, ndugu zangu walicheka mpaka machozi. Friji iliyotumika huchaguliwa kwa kusikiliza mlio wake, na mjomba ni kiziwi. Miaka kumi na minane ya kuendesha mashine ya kusaga nafaka ilimla masikio yote mawili, ndipo akageukia ufundi wa majokofu. Niliwaambia wacheke taratibu wasije wakavunja mbavu, ingawa na mimi roho ilikuwa juu juu.

Friji yenyewe haikuwa ya soda. Mama alikuwa ameanza kujichoma insulini, na dawa ile ina madeko: ikipata joto inaharibika, ikiganda ndiyo basi tena. Iliganda kwenye friji ya jirani bila sisi kujua, mama akaendelea kujichoma, na siku moja akaanguka jikoni na sufuria mkononi. Sikutaka kuiona siku ile mara ya pili.

Dukani, muuzaji alitupeleka moja kwa moja kwenye friji ndefu ya milango miwili, iliyowashwa tangu asubuhi. "Hii hapa, dada. Unaweza kulala nayo chumba kimoja usiisikie."

Mimi nilishaipenda. Mjomba hakuitazama hata milango. Alichuchumaa, akabandika kiganja ubavuni mwa friji, chini, akafumba macho. Muuzaji akakohoa. Mimi nikakagua dari. Nusu saa nzima ilipita.

"HAIPUMZIKI!" Mjomba hajisikii anapozungumza, kwa hiyo duka zima liligeuka. "Mota inakimbia tu! Itagandisha dawa ya dada yangu, halafu ife yenyewe!"

Muuzaji akaninong'oneza, "Kwani mzee anasikia?"

"Hasikii. Ila wewe niambie, mwenye friji hii aliiuza kwa nini?"

Akainama, akaichomoa friji ile kwenye umeme.

Tulipita friji nyingine tatu. Ya tano ilikuwa fupi, imekaa kona, rangi imekuwa njano kama meno ya mvuta tumbaku. Mjomba akaweka kiganja. Ikazima, ikawaka tena, naye hakusogea. Kisha akainua kidole.

"SASA!" alisema.

Friji ikatikisika kidogo, ikanyamaza.

Nywele zilinisimama. Mjomba alingoja, kiganja palepale, akainua kidole tena, nayo ikaamka. Alikuwa ameshaipima pumzi yake. Wateja waliacha walichokuwa wakifanya. Muuzaji naye akaja kubandika kiganja chake kando ya kile cha mjomba, akatikisa kichwa. "Nimeuza hivi vitu miaka yote, mzee wangu. Sijawahi kuona." Mimi ni mtu wa kubisha, siamini kitu mpaka nikishike, lakini pale mbele ya friji kuukuu nilitamani kuvua viatu kama anayeingia msikitini.

Tuliinunua, lakini nyumbani mjomba alitukataza kuweka dawa kwanza. Aliweka glasi ya maji rafu ya katikati, mbali na ukuta wa nyuma, mahali dawa itakapokaa. Kila asubuhi alikuja, akachovya kidole, akatafuta barafu. Asubuhi ya tatu maji yalikuwa baridi vizuri, bila hata chembe iliyoganda.

"WEKA!" alimwambia mama.

Mama akazipanga chupa zake. Kichwa kikiwa bado ndani ya friji, akasema, "Mdogo wangu, umenirudishia uhai."

Mjomba alikuwa ameinama akikaza plagi. Yeye husoma midomo, na ya mama hakuiona, kwa hiyo hakujua kama kuna lililosemwa. Nikanyoosha mkono nimguse begani, mama akanizuia kwa jicho. Akakishika kiganja cha mdogo wake, akakibandika mgongoni mwake mwenyewe, akaigeukia friji na kuyarudia maneno yaleyale.

Mjomba alifumba macho kama alivyofanya dukani.

"Nimesikia, dada," alisema, na safari hii hakupiga kelele.