Kumfuata Baba Wakesho Mapangoni

Nilifunga safari ya mapangoni kwa sababu ya kichupa cha vidonge. Isingekuwa hicho, ningebaki Johannesburg nikimnunia mume wangu, kazi ambayo nilikuwa nimeianza vizuri tangu Alhamisi.

Mume wangu anaitwa Mwakio. Mimi humwita Baba Wakesho, kwa jina la binti yetu wa pekee anayesoma Cape Town. Sisi ni Wataita kutoka Kenya, na mji huu tumekaa miaka kumi na sita. Yeye hutunza kompyuta za benki. Mimi ni mkutubi katika maktaba ya chuo huko Braamfontein. Wanaonifahamu hucheka wakisikia kazi yangu, kwa sababu mkutubi hutakiwa kuwanyamazisha wengine, na mimi nimewahi kunyamazishwa na mwanafunzi wa mwaka wa kwanza. Baba Wakesho ni kinyume changu. Ukimuuliza habari za kazini atasema "nzuri," na mazungumzo yameisha.

Basi mwezi wa Septemba akaniambia amechukua likizo ya siku tano. Anakwenda milimani, jimbo la Free State karibu na mpaka wa Lesotho, mahali ambapo watawa wa zamani walichonga vyumba ndani ya mwamba wakaishi humo peke yao wakisali. Siku hizi mgeni yeyote anaweza kukodi chumba.

"Kufanya nini?" nilimuuliza.

"Kukaa kimya kidogo."

"Kimya kuliko hiki unachokaa hapa nyumbani?"

Alhamisi mfanyakazi mwenzake aliyekuwa akielekea Bethlehem akampa lifti. Sikumuaga vizuri.

Jumamosi, saa kumi na mbili asubuhi, niliingia jikoni kuchemsha chai nikakuta kichupa cha vidonge vyake vya presha kimesimama kando ya birika. Daktari alimwambia asiviruke hata siku moja. Simu yake haikupatikana. Nambari ya kule mapangoni iliita mpaka ikakatika, nikapiga tena, ikaita mpaka ikakatika. Nikavaa viatu.

Mimi siwezi kuendesha gari mwendo mrefu bila mtu wa kuzungumza naye, kwa hiyo nilimpigia Mama Furaha. Ni rafiki yangu wa kwaya, Mkongomani wa Bukavu, na hushona sare za shule katika chumba chake huko Berea. Saa moja kasorobo nilimkuta kando ya barabara amevaa kofia ya sufu, amekumbatia sufuria kubwa ya sombe, kisamvu cha kwao, iliyofungwa kwa kitenge.

"Ya nini yote hiyo?" nilimuuliza.

"Kule mu mapango batatupa nini? Mawe?" akasema, akaingia kiti cha mbele na sufuria yake mapajani.

Tulishika barabara kuu ya Durban hadi Villiers, kisha tukaiacha na kuingia njia ya Frankfort. Huko mashamba ya mahindi yalikuwa yamekwisha kuvunwa, nchi imebaki tambarare na ya kahawia mpaka macho yanachoka. Lami ina mashimo. Moja nililikwepa likiwa na maji, na ndani ya maji kulikuwa na bata wawili. Njia nzima nilikuwa nikifanya mazoezi ya hotuba nitakayomtolea Baba Wakesho. Ilikuwa na sehemu tatu: uzembe wa kusahau dawa, ubaya wa kumwacha mke nyumbani, na sehemu ya tatu ambayo ilibadilika kila tulipopita mji. Mama Furaha alisikiliza kwa uvumilivu huku akitafuna karanga.

Reitz tulisimama kutia mafuta. Tuliporudi garini akaniambia, "Mama Wakesho, mi nikuulize kitu?"

"Uliza."

"Mwanaume akienda kutafuta kimya mbali vile, ni juu ya nini? Si juu kelele iko mu nyumba?"

Alisema hivyo kwa upole kabisa, akaninyooshea karanga. Mimi mwenyewe nilikuwa nimeliwaza jambo hilo tangu Alhamisi, ila kulisikia kwa mdomo wa mwingine kulinichoma. Niliendesha kutoka Reitz hadi Bethlehem, nusu saa na zaidi, bila kutamka neno. Karibu na mji Mama Furaha akaniwekea kiganja kwenye paji la uso.

"Unagonjwa?"

Baada ya Bethlehem nchi ilibadilika. Vilima vilianza kusimama wima, na majabali yakajitokeza juu yake, ya rangi ya mkate ulioiva. Mipichi ilikuwa imechanua maua ya waridi pembeni mwa mashamba, na mbali kabisa upande wa Lesotho milima ilikuwa bado na theluji. Tulipita Fouriesburg, tukaiacha lami, tukatikiswa kwenye changarawe, na mtandao wa simu ukapotea.

Saa sita kasoro tulifika kwenye geti. Mzee mmoja alikuwa amekaa juu ya pipa, amejifunika blanketi la Kisotho, miguuni gambuti. Huyu ndiye mtunzaji wa mapango, Ntate Molefi. Ntate ni baba au mzee kwa Kisotho, na Mme ni mama; sisi tulizungumza naye kwa Kiingereza.

"Simu yenu haipokelewi, Ntate," nilianza.

"Simu iko ofisini, Mme. Mimi niko hapa." Akanitazama vizuri. "Wewe ndiye mke wa Mwakio?"

"Ndimi."

Alisimama upesi. "Umekuja kumchukua?"

"Nimemletea dawa tu."

"Ah," alisema, na uso wake ukawa wa mtu aliyeambiwa kuwa mvua haiji. Nikamuuliza kwa hofu kama mume wangu anaumwa.

"Eish, hapana. Ni mzima. Mzima sana."

Alitupa sheria moja. Njiani kuna jiwe lililopakwa chokaa, na ukilipita jiwe hilo huruhusiwi kuzungumza mpaka urudi. Sheria hii aliisema akinikazia macho mimi, ingawa tulikuwa wawili.

Kupanda kulituchukua karibu saa nzima. Pango la kwanza ni la asili, pana kama uwanja wa shule, dari yake nyeusi kwa masizi ya mioto ya zamani. Kabla ya jiwe la chokaa Ntate Molefi alikuwa ametueleza kwamba nyakati za vita watu walijificha humo na ng'ombe wao, na kweli kulikuwa na mabaki ya kuta za mawe na udongo. Pango la pili ni dogo, na ukutani kuna swala wakubwa aina ya pofu, watatu wekundu, waliochorwa na Wasani, wawindaji wa kale wa nchi hii, mmoja amegeuza shingo kama aliyeitwa. Nilitaka sana kusema kitu juu ya shingo ile. Nilimfinya Mama Furaha badala yake.

Njia ya kwenda vyumba vya watawa inapita kwenye ufa wa mwamba ambao mtu hupita ubavu ubavu. Ntate Molefi alipita. Mimi nilipita. Mama Furaha alikataa kuiacha sufuria, akaipitisha kwanza kwa mikono miwili, kisha akaingia mwenyewe na kukwama katikati. Palifuata mkutano mrefu wa ishara. Mimi nilivuta mkono, Ntate Molefi akaonyesha kwamba atoe pumzi, Mama Furaha akaonyesha kwamba akitoa pumzi atakufa. Mwishowe akaitoa, akachomoka kama kizibo, na kofia ikabaki nyuma.

"Yesu," alinong'ona.

Ntate Molefi akainua kidole.

Ng'ambo ya ufa kuna ukingo mwembamba juu ya bonde, na mnyororo umefungwa mwambani wa kushikilia. Vyumba viko hapo, vimechongwa safu moja. Mlango wa kila kimoja unafika kiunoni, hivyo huwezi kuingia bila kuinama. Ndani kuna kitanda cha jiwe, kitundu cha mshumaa, na alama za tindo ukuta mzima, mstari kwa mstari, kama nywele zilizochanwa. Katika kimoja maji yalikuwa yakidondoka taratibu kwenye ndoo. Nilipapasa zile alama nikamfikiria mtu aliyegonga jiwe mwaka baada ya mwaka ili apate mahali pa kutosemeshwa.

Ndipo nikasikia sauti ya mtu akizungumza nyuma ya kona ya mwamba.

Nilimtazama Ntate Molefi nikingoja akamnyamazishe. Aliinua mikono yote miwili, kama mtu aliyekwisha kujaribu. Mimi sauti ile niliijua na sikuijua, kwa sababu sikuwahi kuisikia ikienda mbali namna hiyo bila kusimama. Ilikuwa ya Baba Wakesho.

Alikuwa akiwasimulia wageni wenzake wawili, muuguzi mstaafu na mchungaji mmoja kutoka Bloemfontein. Alisema kwamba alipokuwa na miaka tisa alipewa mbuzi saba wa bibi yake awachunge, akalala usingizi chini ya jabali, na alipoamka hapakuwa na hata mmoja. Kwa kuogopa kipigo alikwenda kujificha kwenye pango la mafuvu, mahali ambapo wazee wetu wa Taita waliweka mafuvu ya mababu, na watoto walikatazwa kukanyaga. Mlemle gizani akaona safu ya vichwa vinamtazama. Akaamua kwamba kitakachomwokoa ni adabu. Akaanza kuwaamkia mmoja mmoja kutoka mwanzo wa safu. Shikamoo. Akasogea. Shikamoo. Akasogea. Alipomfikia wa kumi na moja, sauti ikajibu, "Marahaba."

Alinyamaza hapo kidogo. Sikujua kuwa ni mtu wa kujua kunyamaza mahali pazuri hivyo.

"Alikuwa bibi," akamalizia. "Alikuwa amesimama mlangoni muda mrefu, akitaka kuona kama nitaruka hata mmoja."

Nilicheka. Sikukusudia, na katika mwamba ule kicheko changu kilirudi mara tatu. Baba Wakesho akatokeza kwenye kona, akaniona mimi, akamwona Mama Furaha na sufuria, na mdomo wake ukajifunga palepale.

Nikampa kichupa. Muuguzi, ambaye bado alikuwa akifuta machozi ya kucheka, alimshika kifundo cha mkono, akahesabu mapigo ya moyo, akasema yuko sawa lakini ameze mara moja. Akameza kwa maji ya ile ndoo.

Saa nane kasoro tulishuka sote hadi chini ya jiwe la chokaa kula sombe. Nilikuwa na hotuba ya sehemu tatu, na sikukumbuka hata moja.

"Ile hadithi," nilimwambia tulipokaa pembeni, "mbona hukuwahi kunisimulia?"

"Nilianza. Mwaka ule tulipohamia hapa."

"Nikafanya nini?"

"Ulinimalizia. Ulisema, najua, mbuzi wakarudi wenyewe nyumbani." Alikuwa anatabasamu, na maneno yake hayakuwa na lawama. "Nikaona, basi, na iwe hivyo."

"Kwani hawakurudi?"

"Hawakurudi. Bibi alikuwa amewaweka kwa ajili ya karo ya kaka yangu. Mwaka ule hakwenda sekondari, na hakwenda tena."

Shemeji yangu ni seremala. Nimekaa mezani kwake mara nyingi, na siku zote nilijua kwamba alipenda mbao. Nikaiweka sahani chini.

"Nilikuja huku kulifikiria hilo peke yangu," alisema Baba Wakesho. "Siku ya kwanza nilikaa kimya. Jana wakati wa chakula yule mama muuguzi akaniuliza mapango ya kwetu yakoje. Nikasema ni mazuri. Akangoja. Nikaona bado anangoja."

Ntate Molefi alikuja akiwa ameshika kofia yake mkononi. Alisema kwa heshima nyingi kwamba mchungaji alikuja kuandika mahubiri ya mwaka mzima na hajaandika hata mstari, na kama mzee Mwakio angependa kwenda na familia yake, hakuna atakayemzuia. Baba Wakesho aliona haya, kisha akacheka mpaka Mama Furaha naye akacheka.

Tulirudi juu vyumbani, na alipokuwa akifunga mzigo nje, niliomba nikae peke yangu ndani ya chumba chake. Niliinama, nikaingia, nikaketi kwenye kitanda cha jiwe. Pimbi mmoja alikuja mlangoni, na nakiri kwamba kwa dakika kadhaa nilimnong'oneza mambo yangu. Alipoondoka sikuwa na mtu. Nikaanza kukumbuka sentensi za watu wengine ambazo nimezimaliza mimi, za mume wangu, za Wakesho, hata za marehemu mama yangu. Zilikuwa nyingi, na sikuwa na hakika kama hata moja niliimaliza sawasawa.

Saa kumi tuliondoka. Ntate Molefi alifunga geti nyuma yetu kwa haraka ambayo nimemsamehe. Mama Furaha alilala kiti cha nyuma kabla ya Bethlehem. Baba Wakesho alizungumza. Alinieleza habari za kaka yake, barua alizomwandikia na hakuzituma, jinsi anavyoona haya kila akikaa kwenye kiti ambacho kaka huyo alikitengeneza. Mimi niliendesha nikikwepa mashimo. Nilichojifunza katika safari ile ni kidogo na kimenigharimu zaidi kuliko petroli: mtu mkimya huwa na maneno, ila yanatoka polepole, na lazima mwingine aikubali ile nafasi tupu inayotangulia.

Usiku tuliingia Johannesburg, tukamshusha Mama Furaha na sufuria yake, tukasimama kwenye robot, yaani taa za barabarani, ya kutokea Berea. Baba Wakesho, katika simulizi yake, alikuwa amefika kwa fundi aliyemfundisha kaka yake kazi, akakwama kwenye jina. Jina nalijua. Kaka mwenyewe aliniambia siku ya arusi yetu, na sasa lilikuwa limekaa kwenye ncha ya ulimi wangu. Robot ikawa kijani. Gari la nyuma likapiga honi, na la nyuma yake likapiga pia. Nilishika usukani kwa mikono miwili, sikukanyaga mafuta, nikangoja.

"Mghanga," akasema mwishowe. "Mzee Mghanga."

"Ehe," nikasema, nikaondoa gari.